Mtaji wa Mathe Uliishia Chuoni

Kila nikisikia eti biashara za akina mama hufa kwa kukosa mtaji, namkumbuka mathe. Yeye mtaji alikuwa nao. Mimi ndiye niliumaliza.

Mathe huuza nguo za watoto za mitumba huku Kayole. Zamani alikuwa ananunua belo nzima Gikomba, anaifungua, anatoa kamera, zile safi za kwanza, anaziuza bei nzuri. Hapo ndipo faida ilikuwa. Kisha nikaingia chuo. Semesta ikifunguliwa, pesa ya belo inalipa karo. Shosho akilazwa, pesa ya belo. Matanga ushago, pesa ya belo. Mwishowe akawa anachagua nguo moja moja kwa belo za wenzake, kamera zikiwa zishaenda.

Buda ana pikipiki ya bodaboda. Hakuna siku mtu alimwambia auze tairi ndio nilipe karo. Pesa yake tuliiita ya kazi. Ya mathe tuliiita ya nyumba.

Ndio maana sidhani mkopo peke yake unasaidia. Mikopo iko: Women Enterprise Fund imekuwepo tangu 2007, Hustler Fund ikaja 2022. Mathe pia alikopa kwa chama. Lakini ile pesa iliingia kwa kibeti kilekile ambacho sote tulikuwa tunatia mkono.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, maboyz walidhani ni juu ya content. Ukweli ni kwamba nilimpata mathe akiuza soksi pekee. Nilipomwambia siendi tena, alilia, na kwa wiki mbili hakunisemesha. Simwambii mtu aache shule. Hata mimi bado sijui kama nilifanya poa.

Siku hizi anajilipa 300 kwa siku. Zingine zinabaki kwa till, na PIN anaijua peke yake. Shida ikitokea tunachanga sote, buda akiwemo. Mwezi uliopita alifungua belo, ya kwanza baada ya miaka miwili. Nilimsaidia kubeba nguo hadi stage. Tukiwa kwa mat akaniuliza, "Na chuo utarudi lini?" Sikuwa na jibu.

Wewe je, karo yako ilitoka kwa stoki ya nani? Na umewahi kumrudishia?