Nilisema Hakutuambia

Mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Guangzhou aliadhibiwa kwa sababu yangu, na mbele ya askari nilisema kwamba hakutuambia utaratibu wa wageni. Alikuwa ametuambia. Naungama leo kwa sababu kila ninapokaa na wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo wanaojiandaa kwenda China, kisa hiki nakisimulia nusu: nawabakiza polisi wakali, najitoa mimi.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, msimu wa maonyesho makubwa ya biashara ambayo mji ule umekuwa ukiyaandaa tangu 1957, mara mbili kwa mwaka. Anayefuata mzigo Guangzhou anaujua msimu huo. Bei za vyumba hupaa, na mtaa wa Xiaobei, wenye Waafrika wengi, hufurika. Nilisafiri peke yangu, nikapata chumba cha vitanda viwili kwa kuwa vya kitanda kimoja vilikwisha. Huko Sanyuanli, kwenye maduka ya mikoba, nikakutana na binti wa Mombasa. Ilikuwa safari yake ya kwanza, na karibu fedha zake zote alikuwa amemwachia mwenye kiwanda kama malipo ya awali. Ndege yake ilikuwa kesho yake usiku. Chumba alichokilipia muda wake ulikwisha, na gesti za bei nafuu zilimkataa, maana wakati ule nyingi hazikupokea wageni wa kutoka nje ya nchi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usihangaike, utalala kwangu."

Hilo silijutii hata kidogo. Ningemwacha alale wapi?

Pale mapokezi mhudumu alituita. Alikuwa msichana mdogo, Kiingereza hakijui. Akaisemesha simu yake na simu ikatutafsiria. Mgeni wa kutembelea aandikwe daftarini, aondoke kabla ya saa tano usiku. Bango ukutani lilisema hivyo hivyo. Akaandika jina la mwenzangu, kisha akaisemesha simu tena: atalala hapa? Binti wa Mombasa alikuwa ameshaanza kutafuta pasipoti mkobani. Nikamzuia kwa mkono. Niliogopa kudaiwa malipo ya mtu wa pili, basi nikaiambia ile simu kwamba hapana, anapita kunisalimia tu. Ilipokaribia saa tano nilishuka mwenyewe kununua maji ya kunywa. Mhudumu akauliza habari za mgeni wangu. Nikasema ameshaondoka, alipita wewe ukiwa na wateja. Akaniamini, akaandika kwamba mgeni katoka.

Moyo haukunisuta. Nimezoea gesti za kwetu, ambako kitabu cha wageni kinauliza jina, kabila, unatoka wapi na unakwenda wapi, na watu wanajaza lolote. Mabango ya gesti zetu ni ya maadili: nani asilale na nani. Nikaichukulia Guangzhou vivyo hivyo. Wanawake wawili, kila mtu na kitanda chake, aibu iko wapi?

Aibu haikuhusika. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inataka polisi wajue kila mgeni wa nje analala wapi. Akilala hotelini, hoteli inamwandikisha na kupeleka taarifa zake. Akilala nyumbani kwa mtu, aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Asipofanya hivyo anaonywa, na anaweza kutozwa hadi yuan 2,000. Hata Italia na Thailand hoteli zinatakiwa kupeleka taarifa za wageni wake ndani ya saa 24. Lakini China palikuwa na jambo ambalo sikulifikiria kabisa: sheria iliyokuwepo wakati ule ilimtoza mfanyakazi wa hoteli mwenyewe yuan 200 hadi 500 asipoandika jina na namba ya kitambulisho cha anayelala. Mimi niliyeshinda Sanyuanli nikigombania yuan 2 kwenye mkoba mmoja, nilimwingiza msichana wa watu katika deni hilo kwa sentensi mbili za uongo.

Askari walikuja usiku wa manane, wakakagua pasipoti chumba baada ya chumba. Hawakufoka. Tuliteremshwa mapokezi, na yule mhudumu alikuwa bado zamu. Daftari lilionyesha, kwa mwandiko wake, kwamba mgeni kaondoka. Askari mmoja aliyejua Kiingereza akaniuliza kama tulielezwa utaratibu. Nikajibu hakutuambia.

Alipotafsiriwa, yule msichana alinyoosha kidole kwenye bango, akasema maneno mengi kwa haraka, kisha akalia. Ningeweza kusema pale pale kwamba nimekosea, kwamba ndiye aliyenieleza nami ndiye niliyemdanganya. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikatazama sakafu.

Binti wa Mombasa alionywa na kutozwa faini. Akaitoa kwenye fedha alizoziweka za kumfikisha uwanja wa ndege. Asubuhi nilimpa nauli ya teksi nikajiona nimelipa deni. Siku hiyo hiyo nikamsimulia ajenti wangu wa mizigo, Mtanzania aliyeishi kule miaka mingi. Akanishangaa. "Dada, si ungeshuka naye na pasipoti yake? Chumba cha vitanda viwili ni cha watu wawili, na bei ni ya chumba. Wangemwandika, mkalala." Fedha niliyoiogopa haikuwepo. Hata kama ingekuwepo, ilikuwa yangu kuilipa, si ya msichana aliyekesha kwenye zamu.

Sheria ile bado naiona nzito kwa msafiri, na ningeisema waziwazi kwa yeyote. Ila uzito wenyewe niliukwepa mimi, nikamtwisha mtu mdogo kuliko wote waliokuwa pale, tena asiye na lugha ya kujitetea kwangu. Safari zilizofuata nilipanga hoteli nyingine, mtaa mwingine, nikidai ni kwa ajili ya bei.

Mwaka huu nilimpigia simu binti wa Mombasa, ambaye sasa ana duka lake, nikamwomba radhi.

"Dadangu, mie nishakusamehe zamani," akasema. "Na yule wa pale mapokezi, ulimtafuta?"

Nikamwambia sikumtafuta.