Zebaki Katika Meno Yetu: Iondolewe Lini, na kwa Namna Gani?

Sisi tunaoishi karibu na machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita hatuhitaji kuelezwa zebaki ni nini. Tumewaona kaka zetu na waume zetu wakiichanganya na mchanga wenye dhahabu, kisha wakiichoma ili dhahabu ibaki. Tumeonywa mara nyingi isichomewe jikoni, maana mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Kwa hiyo habari ilipofika katika umoja wetu wa akina mama kwamba ile dawa ya kijivu tuliyozibiwa meno nayo ina zebaki, hatukuipuuza.

Wengi wetu tulizibwa meno zamani, tulipokuwa wasichana. Tulijitazama kwenye kioo, tukahesabu. Mwenzetu mmoja alikuwa na meno matatu ya namna hiyo, naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake alituambia kwamba atauza mbuzi wake wawili, apate fedha za kutoa dawa yote kabla mtoto hajazaliwa. Mume wake alikwisha kubali.

Nani kati yetu angemlaumu? Mama akisikia kwamba mtoto aliye tumboni yumo hatarini, hahesabu mbuzi. Tulimwomba jambo moja tu: kabla ya kuuza chochote, twende pamoja kwa daktari wa meno tukaulize. Tulikwenda wanne.

Daktari, kijana wa umri wa watoto wetu wakubwa, alitusikiliza mpaka mwisho wala hakutucheka. "Ni kweli, mama zangu," alisema. "Zebaki imo." Akatueleza kwamba dawa hiyo huitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na sehemu iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Imetumika ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 150, kwa sababu ni imara na bei yake ni nafuu. Ikishakuwa ngumu, zebaki hushikwa ndani pamoja na madini yale mengine. Hata hivyo, mvuke kidogo sana huendelea kutoka, hasa mtu anapotafuna au anaposaga meno usingizini.

Mmoja wetu aliuliza juu ya Minamata, kwa kuwa alisikia habari zake redioni. Huo ni mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa kutisha. Kiwanda kilikuwa kimemwaga maji machafu yenye zebaki baharini, zebaki ikaingia katika samaki, na watu wakala samaki hao. Watoto wengine walizaliwa na ubongo ulioharibika, ingawa mama zao walionekana wazima au karibu wazima. Daktari alitufafanulia kwamba ile ilikuwa zebaki ya namna nyingine, tena iliingia mwilini kwa wingi. Siyo hii ya meno. Lakini msiba ule uliufundisha ulimwengu kwamba mtoto tumboni hudhurika upesi kuliko mama yake.

Ndiyo maana mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la Minamata. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona kuwa ni lazima kwa mgonjwa huyo. Mwaka 2025 zilikubaliana kwamba matumizi yake katika meno yakome ifikapo mwaka 2034.

Mwenzetu aliposikia hayo alisema, "Basi mwanangu, nitoe yangu leo hii."

"Hapana, mama," daktari akamjibu. "Kwa hali yako, leo siyo wakati wake."

Jibu hilo lilitushangaza sote. Alieleza hivi. Dawa iliyo nzima imetulia. Mashine inapoikata, hupata joto na kutoa vumbi, na katika muda huo mfupi mvuke wa zebaki hutoka kwa wingi kuliko ulivyokuwa ukitoka kila siku. Mama huuvuta, na sehemu yake hufika kwa mtoto. Tena, kila jino linapokatwa upya hupoteza sehemu yake nzima. Mwaka 2020, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitoa ushauri wa namna hiyohiyo: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye ugonjwa wa figo waepuke kuwekewa amalgamu mpya pale inapowezekana, lakini ile ya zamani iliyo nzima isiondolewe bila sababu ya kitabibu.

Kisha akampima. Kati ya yale meno matatu, mawili yalikuwa salama kabisa. La tatu lilikuwa na ufa ukingoni, lakini lingeweza kusubiri. Jino lililomuuma usiku, naye akadhani ni zebaki, lilikuwa la nne, ambalo halikuwahi kuzibwa. Lilikuwa limetoboka. Lilisafishwa na kuzibwa siku ileile kwa dawa nyeupe isiyo na zebaki. "Mimba haizuii kutibiwa jino," alituambia. "Uozo ukiachwa huleta usaha, na usaha ni hatari kwa mama." Mbuzi wawili walibaki zizini.

Mtoto alizaliwa salama. Alipokwisha kuachishwa ziwa, mama yake alirudi kwa ajili ya lile jino lenye ufa, na wawili wetu tulimsindikiza. Kabla ya kuanza, daktari alifungua madirisha. Baada ya sindano ya ganzi, alitandaza kipande chembamba cha mpira mdomoni, jino likatokeza peke yake, ili vipande visimezwe. Msaidizi aliweka mrija wenye nguvu wa kufyonza karibu kabisa na jino. Maji yalimwagika muda wote kulipoza. Daktari hakuisaga dawa ikawa unga. Aliikata pande kwa pande, akaitoa ikiwa vipande vikubwa. Vipande hivyo viliwekwa katika chombo chenye kifuniko, maana havitupwi kwenye sinki wala havichomwi moto pamoja na takataka.

Tangu hapo, katika umoja wetu tumeandika maswali ambayo kila mmoja atauliza kabla ya kukubali dawa ya zamani itolewe:

1. Je, imevunjika, au kuna uozo chini yake? Kama ni nzima, kwa nini itolewe?
2. Je, nina mimba, au ninanyonyesha? Kama ndivyo, inaweza kusubiri?
3. Je, utatumia mpira wa kulitenga jino, mrija wa kufyonza na maji ya kutosha?
4. Utaziba kwa dawa gani baadaye, na bei yake ni kiasi gani?
5. Vipande vya zamani vitawekwa wapi?

Usione haya kuuliza, mama mwenzetu. Daktari mwema hufurahi kuulizwa. Na ukiwa mjamzito, au ukimpeleka mtoto, sema wazi mapema kwamba ungependa dawa isiyo na zebaki. Akija mtu mlangoni na chupa ya dawa ya kusafisha zebaki mwilini, usitoe fedha yako. Mwulize kwanza daktari.

Nyumbani nako tunayo kazi yetu. Jino lisilooza halihitaji kuzibwa kwa dawa yoyote, ya kijivu wala nyeupe. Tuwasugue watoto meno asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa ya meno yenye floridi, na tupunguze pipi, soda na sukari katika chai. Mtoto akisema jino linamuuma, tumpeleke mapema, lingali likiweza kuzibwa.