Mkono Ulionitoa Sokoni



Mzee wetu wa kitabu hiki ameniomba nisimulie habari za Shiling, ambako nimekuwa nikinunua mikoba tangu mwaka 2009. Wengi wenu mikoba mnayobeba harusini imepita mikononi mwangu. Lakini leo siandiki bei. Naandika habari za macho yangu.

Shiling ni mji wa ngozi katika wilaya ya Huadu, kaskazini ya Guangzhou. Huko nilijifunza kutambua ngozi halisi: unainusa, unageuza upande wa nyuma uone nyuzinyuzi, na ukichoma kipande kinanuka kama nywele zinazoungua. Ya bandia inanuka plastiki. Nikajisifu kwamba hanidanganyi mtu. Kumbe alinidanganya mtu wa kwetu, niliyesali naye bega kwa bega. Alitoweka na fedha za shehena nzima, pamoja na za shangazi zetu wawili. Tangu hapo nikaacha kwenda Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu huko mjini, lile la mawe lililojengwa kati ya 1863 na 1888. Nilisema, kama Yesu aliona, mbona alinyamaza?

Mwaka 2013 nikashikwa na homa kali. Mama mmoja mwuza zipu, ambaye kwa miaka minne sikumjua ila kwa bei zake, aliniona nikipepesuka mlangoni. Akanishika mkono, akaniongoza katikati ya soko mpaka zahanati. Macho yalikuwa na kiza, watu nawaona kama vivuli. Nilijaribu kuuchomoa mkono, maana alikuwa akinidai, nami nikadhani ananipeleka kwa askari!

Nilipopata nafuu nilifungua Injili ya Marko, sura ya 8, kwa yule kipofu wa Bethsaida. Habari hiyo naijua tangu kipaimara, lakini nilikumbuka tu wale watu kama miti. Sikuwahi kuangalia kwamba kabla ya hayo Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji. Njia yote ile alitembea akiwa bado kipofu, ameshikwa na asiyemwona. Tena mguso wa kwanza haukutosha. Jamaa zangu, nililia.

Msidhani nimeota. Hong Xiuquan, aliyezaliwa mwaka 1814 katika Huadu hiyohiyo, aliugua mwaka 1837 baada ya kushindwa mtihani wa serikali, akaona maono. Mwaka 1843, aliposoma kijitabu cha Kikristo, akaamini kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Vita vyake vya Taiping viliua mamilioni ya watu mpaka 1864. Makazi yake ya zamani ni makumbusho, nimeyatembelea, nikatoka na baridi mwilini. Mimi sikuona maono yoyote. Niliona mkono wenye gundi kwenye kucha.

Shangazi nimewalipa, ilichukua miaka miwili. Kanisani nilirudi, nikikaa viti vya nyuma. Yule ndugu aliyetoroka bado siwezi kumtaja bila uchungu, na katika sala jina lake nalimung'unya tu. Hapo naona nusunusu bado.

Mama wa zipu sijamwuliza dini yake. Kila safari humpelekea korosho za Mtwara. Hucheka, kisha hunishika mkono uleule na kunivusha barabara, kana kwamba bado ninaumwa.