Benchi la akiba

Jamani, barua yenyewe haikusema ndiyo wala hapana. Chuo kimoja kikubwa cha Marekani, jina naliacha, kiliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Yaani mchezaji wa akiba: jezi umevaa, uwanjani huingii.

Siku hizo nilikuwa Boston kwa mama mdogo. "Toka nje mwanangu, utaugua," akaniambia. Basi nikapanda treni ya Red Line, nikavuka mto Charles hadi Harvard, nikatembee tu.

Pale pana sanamu ya John Harvard, ya mwaka 1884. Kiatu cha kushoto kinang'aa kama sufuria mpya, maana watalii wanakisugua wapate bahati. Sasa cheka, msomaji: chini imeandikwa mwanzilishi, 1638. Chuo kilianza 1636, bwana huyo alikiachia fedha na vitabu tu, na ile sura wala si yake, ni ya kijana mwingine kabisa!

Nikapanga foleni huku nahesabu. Waliokubaliwa kwa kawaida wana hadi Mei 1 kujibu, ndipo nafasi zilizobaki zijulikane. Lakini chuo kingine, kilichonipokea, kilitaka malipo ya kushika nafasi siku hiyo hiyo. Ukishatoa hairudi. Na hela ni ya mama, ya genge lake la Mwananyamala.

Zamu yangu ikafika. Nikasugua, ndiyo, na mimi nimo. Kisha nikampigia mama simu: alipe kule.

"Na kule kukubwa?"

"Kule nasubiri, mama."