Njaa ya Kungoja

Busisi, Sengerema
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Baba yako kifua kimetulia, mvua za vuli zimeanza na tunapanda viazi na mihogo. Hofu ni kwako.

Ujumbe wako wa Alhamisi mimi shangazi yako niliusoma mara tatu. Ningekupigia simu tungesema maneno mawili matatu, mteja angekuja dirishani mwa kibanda chako, tukaishia hapo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kaka yako akija huko Igoma, Mwanza, kesho atakukabidhi barua hii.

Umesema kliniki walikupima wakakuta kilo 92 na presha imeanza kupanda. Umesema ukanunua chai ya kupunguza mwili, ukanywa hiyo na maji ya ndimu siku tatu bila kutia kitu kingine mdomoni. Siku ya nne jioni ukala chipsi mayai sahani mbili zikifuatana, na soda juu yake, halafu ukakaa kitandani ukalia. Kilio hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Kwanza nakuomba hiyo chai uimwage. Nyingi za namna hiyo kazi yake ni kuendesha tumbo. Kinachotoka ni maji, na maji hurudi ukinywa. Pili, zile sahani mbili usiziite ulafi. Mwili ulionyimwa siku tatu ukipata mwanya hudai deni lake pamoja na riba. Mtu yeyote angekula vile, hata mimi.

Mambo ya njaa nilijifunza kwenye kibanda changu cha kivukoni hapa Busisi; unakijua, ndicho kilichowasomesha. Miaka 22 nilipika pale, tangu 1998 hadi kazi ya kujenga daraja ilipoanza 2020. Magari ya Geita na Bukoba yanayokwenda Mwanza yalipanga foleni huku kwetu, yanayotoka mjini yalipanga Kigongo, ng'ambo ya pili. Kivuko cha MV Sengerema kikichelewa, watu walikaa saa nzima, siku nyingine saa mbili, na mtu aliyekaa saa mbili bila la kufanya hula. Mimi niliishi kwa hilo, sitalisema vibaya.

Nilikuwa na meza mbili. Moja ya karai: maandazi, chipsi, mihogo ya kukaanga, vipande vya sangara. Nyingine ya sufuria: viazi vitamu vya kuchemsha, michembe (viazi vitamu vikavu) ya karanga, ugali na sato wa mchemsho. Mtu wa sufuria akishakula alinawa, akalipa, akaenda kulala garini. Wa karai walirudi. Namkumbuka utingo mmoja wa lori la ndizi kutoka Bukoba, kijana mwembamba. Alichukua maandazi mawili na soda, akalizunguka lori lake. Akaja akachukua mawili mengine. Akaenda kutazama kama kivuko kinaonekana, akarudi, akachukua mawili. Nilihesabu kumi kabla geti halijafunguliwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, umeshiba?" Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Mama, mimi sijala bado. Nitakula Mwanza."

Maandazi kumi yako tumboni, na mwenyewe anasema hajala. Wala hakuwa anadanganya.

Baadaye afisa lishe wa halmashauri alikuja kutufundisha sisi mama lishe, akatusimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wa mwaka 1995. Walichukua vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye nguvu sawa na vingine, wakawalisha watu, kisha wakawauliza kila robo saa kwa muda wa saa mbili kama wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe waliupa alama 100, vingine vyote vikalinganishwa nao. Viazi mviringo vya kuchemsha vilipata 323. Viazi vya namna hiyo vikiwa chipsi, 116. Samaki 225, machungwa 202. Chini kabisa kulikuwa na mkate laini wa Kifaransa wenye siagi nyingi, 47. Wenzangu walishangaa, mimi nikawa namwona utingo wangu.

Sababu yake naweza kukuonyesha kwa karai langu. Asubuhi nilimimina lita tatu za mafuta. Jioni nikishachuja hazikufika mbili. Ile iliyopungua haikwenda yote na moshi. Wateja waliivusha ziwa wameibeba tumboni, na kwa macho haikuonekana. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kiazi cha kuchemsha kimejaa maji na nyuzinyuzi, kinachukua nafasi tumboni kwa kalori chache. Samaki ana protini, na hiyo hushibisha muda mrefu. Chipsi zimefukuza maji zikaingiza mafuta, kwa hiyo unakuwa umemeza kalori nyingi kabla tumbo halijapata habari.

Nami niliyameza mafuta hayo vilevile. Mpishi wa karai huonja, humalizia kilichobaki, hula akiwa amesimama. Mwaka 2014 nilikuwa na kilo 96 na magoti yalikataa kupanda ngazi za kivuko. Sikufunga hata siku moja. Nilihama tu kutoka meza moja kwenda nyingine, nikaanza kula nimekaa. Kwa mwaka na nusu nilipungua kilo 14, polepole kiasi kwamba baba yako hakugundua mpaka gauni la sikukuu liliponipwaya.

Utaniuliza kwa nini sisi wakubwa hatukuwaambia haya mapema. Nitakueleza, maana nadhani ninyi hamjui. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera, mimi nilikuwa msichana, na barabara ya kwenda huko inapita hapa kwetu. Tuliwaona watu wakivuka wamekonda, na wengine tuliwaona wakirudishwa kwa jeneza. Miaka mingi baada ya hapo, mtu akipungua kidogo tu majirani walinong'ona. Mama mnene alikuwa mama mzima. Wewe ulipokuwa na mashavu, mimi na mama yako tulimshukuru Mungu na kukuongezea uji. Hatukuwa wajinga, tulikuwa tunaogopa. Dawa zikaja, watu wakarudi kuonekana wazima, lakini sahani zetu zikabaki na ukubwa wa woga ule. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi. Basi usijione uko peke yako, na mtu akikuambia "unakonda, unaumwa?" mjibu kwa upole uendelee na lako.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Sitaki ununue kitu cha kigeni dukani.

Asubuhi achana na maandazi na chai ya vijiko vinne. Kula viazi vitamu viwili vya kuchemsha, au michembe, na yai la kuchemsha au karanga kiganja kimoja. Karanga zina mafuta, kwa hiyo ziwe kiganja, si pakiti. Chai kunywa, na sukari punguza kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi huzoea.

Mchana na jioni, mboga ndiyo itangulie. Mchicha, majani ya kunde, mgagani, kisamvu, na bamia vijae nusu ya sahani. Ugali uwe wa dona na usizidi ngumi yako. Mlenda naupenda kama unavyoupenda, ila ujue tabia yake: unatelezesha tonge likapita bila kutafunwa, na mtu humaliza mlima wa ugali hajijui. Ukipika mlenda, kata ugali wako kwanza na sufuria uifunike.

Halafu samaki. Mjini mmezoea minofu na sangara wa kukaanga, mimi nakushauri sato mzima, au furu ambao bei yao ni nafuu, wachemshwe kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Nakuambia mzima kwa sababu ya miiba. Mwiba haukuruhusu kukimbia. Utachambua, utafyonza kichwa, utapumzika, na shibe inahitaji kama dakika 20 ili ifike kichwani. Sahani ya chipsi nimewaona watu wakiimaliza kwa dakika tano huku wakitazama simu. Dagaa nao ni wema, wachemshe au uwakaushe kwenye sufuria, usiwazamishe.

Soda hiyo ndiyo ya kuacha kabla ya vyote. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai, na haishibishi hata kidogo. Juisi ya miwa ya stendi ni ndugu yake. Kunywa maji, ukitaka utamu menya chungwa ulile lenyewe.

Chipsi sijakukataza. Ukikataza kitu kabisa kitakusubiri gizani, kama kilivyokusubiri siku ile ya nne. Kula mara moja kwa wiki, mchana, umekaa, sahani moja na kachumbari ya kutosha, na uwe umeanza na kipande cha samaki.

Nimebakiza jambo ambalo naona ndilo lako hasa. Kibanda chako cha uwakala kule Igoma ni kivuko, mwanangu. Unakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku ukingoja mteja, na mbele yako wanapita wa maandazi, wa karanga za sukari, wa sambusa. Wewe ni yule utingo. Hiyo njaa inayokupata saa kumi si ya tumbo, ni ya kungoja. Nina kipimo chake nilichokitumia mimi mwenyewe: jiulize, kama sasa hivi ningepewa kiazi cha kuchemsha kisicho na chumvi, ningekila? Ukiona ungekila kwa furaha, hiyo ni njaa kweli, kula. Ukiona unataka sambusa tu na kiazi hukitaki, funga droo, simama nje, msalimie jirani, tembea mpaka mwisho wa mtaa urudi. Njaa ya kungoja haikai robo saa. Na kwenye mkoba uwe na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, pamoja na chungwa na chupa ya maji, ili njaa ya kweli ikija isikukute mikono mitupu.

Dawa ya presha wakikuandikia, meza kama walivyosema. Chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake. Na usijipime uzito kila asubuhi, mara moja kwa wiki inatosha.

Foleni ya kivuko haipo tena. Tangu Rais Samia alipolizindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, magari yanapita kwa dakika chache tu, na meza zangu nimezifanya kitanda cha kuanikia michembe. Lakini daraja lina njia ya waenda kwa miguu, na ni kilomita tatu hivi kutoka upande hadi upande. Jumapili ijayo panda gari la Sengerema, mwambie kondakta akushushe Kigongo. Usivuke na gari. Anza kutembea saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, nami nitaanza huku Busisi wakati huohuo. Tutakutana katikati, tusimame tutazame ziwa, kisha turudi wote nyumbani. Sato nitamnunua mwaloni alfajiri, na mgagani baba yako amekwishauotesha nyuma ya jiko.

Vaa viatu vya chini.

Shangazi yako