Ukili Uliofumuliwa: Juu ya Kufundisha Sanaa Tangu Darasa la Kwanza Hadi Kidato cha Nne

Katika jalada langu la mazoezi ya kufundisha imo nakala ya fomu moja ambayo kila niionapo hunitia haya. Niliijaza kwa mkono wangu miaka mitatu iliyopita, katika skuli moja ya upande wa Gando, kaskazini-magharibi ya Pemba, nilipokwenda kumkagua mwanachuo wetu akifundisha sanaa darasa la 3. Mahali palipotakiwa maoni juu ya malengo ya somo niliandika hivi: "Malengo hayakufikiwa. Mwisho wa kipindi hapana kazi ya mwanafunzi inayoweza kupimwa." Alama nilizompa zilikuwa 4 katika 10. Makala haya nayaandika kwa sababu ya fomu ile, na kwa ajili ya wakufunzi wenzangu ambao yamkini nao wanazo za namna hiyo majaladani mwao.

Somo lenyewe lilikwenda hivi. Mwanachuo aliingia na furushi la chane za ukindu, baadhi nyeupe na baadhi zimetiwa rangi nyekundu na zambarau. Aliwagawia watoto wawili wawili akawataka waanze ukili mwembamba. Hakuchora kitu ubaoni, wala hakutoa maelezo marefu. Watoto walisuka, wakakosea, wakafumua, wakaanza tena. Mtoto wa kike aliyekaa karibu nami alifumua mara tatu. Kengele ilipolia, wengi wao walikuwa na kipande cha ukili kisichozidi urefu wa kidole, na yule jirani yangu hakuwa na kitu ila chane zilizokunjamana. Mimi nilizoea kuona, mwisho wa kipindi cha sanaa, karatasi 40 zimekusanywa mezani. Sikuziona karatasi, nikahukumu kuwa hapakuwa na kazi.

Ni haki nieleze pia karatasi hizo ni za namna gani. Wiki ile ile nilikagua masomo mengine mawili ya sanaa, na yote mawili niliyapa alama 8. Katika la kwanza mwalimu alichora ubaoni nyumba yenye dohani inayotoa moshi, nyuma yake mlima wenye ncha, na watoto wakanakili. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na nyumba yenye dohani sijaiona huko Gando mpaka leo. Katika somo la pili kilichochorwa ni tufaha. Nalo halikuwa tufaha letu jekundu, ambalo watoto wale huliokota chini ya mtufaha. Lilikuwa lile la vitabuni, la mviringo, lenye kikonyo na jani moja. Watoto walilinakili vizuri sana. Karatasi zote zilifanana kama sarafu za thamani moja, zilikuwa safi, na kuzisahihisha kulinichukua robo saa. Nadhani hiyo robo saa ndiyo iliyonipendeza.

Jioni ya siku ya somo la ukili mvua ilinizuia. Gari la Wete lilichelewa, nikajikinga katika baraza ya nyumba moja iliyo karibu na njia. Bibi mwenye nyumba alikuwa akisuka pamoja na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama minane. Nilipomwamkia aliniitikia, akanisogezea jamvi. "Kaa, mwalimu. Mvua hii haijaanza bado." Kisha akauchukua ukili wa mjukuu, akaupitisha baina ya kidole gumba na cha shahada kama mtu asomaye, akafika mahali akasimama. Alifumua kiasi cha shibiri nzima, akamrudishia mtoto bila ya kusema neno. Mtoto naye hakuuliza. Aliinama, akatazama, akaanza kusuka.

Nilimwuliza: "Bibi, mbona hukumwonesha kosa lilipo?"

"Akiliona mwenyewe halirudii," alijibu. "Nikimwonesha mie, kesho atataka nimwoneshe tena."

Hapo ndipo nilipoanza kuuona upungufu wa fomu yangu. Yule mtoto aliyefumua mara tatu darasani alikuwa amegundua makosa matatu, na hakuna mtu aliyemwambia. Mwanachuo wangu alisimama kando akamwachia nafasi, na mimi nikaiandika nafasi ile kuwa ni uzembe wa mwalimu.

Wako watakaosema kuwa ususi ni kazi ya mikono tu, wala si sanaa. Wenye kusema hivyo sidhani kama wamekaa karibu na msusi. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kabla makuti yake hayajafunguka. Huanikwa juani hata ukawa mweupe, kisha huchanwa kwa upana mmoja, na unaotakiwa uwe na rangi huchemshwa. Zamani mizizi ya mdaa ilitumika kwa weusi, na siku hizi rangi za unga hununuliwa dukani. Msusi huamua mapema chane ngapi zitakuwa na rangi na zitakaa wapi, kwani nakshi haichorwi juu ya ukili uliokwisha. Hutokea ndani yake, kwa kuhesabu chane zipitazo juu na zipitazo chini. Akikosea chane moja, kosa hilo litatembea naye mpaka mwisho wa ukili. Kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo kuwa mkeka, au hugeuzwa kuwa msala, mkoba au kawa. Hesabu, rangi, mpango na subira vyote vimo humo, na mtoto wa Gando huja skuli akiwa tayari ameviona barazani kwao.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwashauri wanachuo wetu waufuate uzi huu mmoja tangu chini hadi juu. Katika madarasa ya mwanzo, darasa la 1 na la 2, mtoto hahitaji kusuka vizuri. Anahitaji kuzijua chane kwa vidole, kuzipanga kwa rangi, na kusimulia alichokipanga. Darasa la 3 na la 4 ni wakati wa kusuka na kufumua, na hapo mwalimu inampasa ajizuie sana. Kutoka darasa la 5 mtoto anaweza kuichora nakshi kwanza katika karatasi ya miraba, ndipo aisuke. Hapo kuchora kunarudi kwa heshima yake, kwani mtoto anachora ili apate kutengeneza kitu.

Katika kidato cha 1 na cha 2 jambo hili huwa na utamu zaidi, na wengi wetu ndipo tunapoliacha. Nilishuhudia mwalimu mmoja akiwauliza vijana wa kidato cha 1 ni ukili wa urefu gani utakaotosha mkeka wa mita 2 kwa mita 1.25, ikiwa upana wa ukili ni sentimita 5. Wakapata mita 50. Msichana mmoja akakataa. Alisema kuwa kwao mkeka wa kadiri hiyo hula ukili zaidi, maana mshono nao hula ukingo. Wakapima mshono, wakaona ni kama nusu sentimita, wakahesabu upya kwa upana wa sentimita 4.5, wakapata karibu mita 56. Darasa zima likataka kujua wazee walilijuaje hilo bila ya rula. Mwalimu akawarudisha kwenye shibiri, dhiraa na pima: shibiri 2 hufanya dhiraa, na dhiraa 4 hufanya pima. Kipindi kilikwisha na hakuna aliyetaka kutoka.

Wavulana wana neno lao. Wao husema kusuka ni kazi ya wanawake, na Gando ni mji wa wavuvi. Sikuona haja ya kubishana nao, kwani dema liko pwani. Dema nalo ni kazi ya kusuka: vipande vya miti vilivyopasuliwa hupishana katika pande tatu, na matundu yanayobaki huwa ya pembe sita. Upana wa matundu hayo ndio unaoamua samaki gani atoke na gani abaki. Mvulana wa kidato cha 2 aliyekwisha kulichora dema kwa kipimo, na kueleza kwa nini matundu si miraba, amesoma jiometri, amesoma sanaa, na pengine amefikiri juu ya samaki wadogo ambao baba yake huwalalamikia kuwa wamepungua.

Liko zuio jingine ambalo walimu wageni wa Pemba hulistaajabia, na mimi sioni kwamba ni la kustaajabiwa. Baadhi ya wazazi hawapendi watoto wao wachore viumbe wenye roho. Mzee mmoja alikuja skuli na daftari la mwanawe, akaliweka mezani limefunguliwa penye picha ya ng'ombe, akakaa kimya akingoja. Mwalimu mkuu aliniangalia mimi. Nilimwambia yule mzee kuwa sanaa ya pwani hii ilikua bila ya kumhitaji ng'ombe. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, una maandishi ya Kikufi katika ukuta wa kibla ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi, na herufi zake zenyewe ndizo nakshi. Milango ya Mji Mkongwe imejaa maua, minyororo na aya. Kofia yake mwenyewe aliyoivaa ilikuwa imejaa viua vilivyoshonwa kwa hesabu. Aliivua, akaitazama, akacheka, akaondoka na daftari lake. Sidai kwamba nilimshinda kwa hoja, wala hiyo haikuwa nia yangu. Mwalimu atakayeanza na khati, nakshi na ususi atapata kazi ya miaka mingi kabla hajagongana na mzazi yeyote, na watoto wake hawatakuwa na upungufu kwa hilo.

Zuio zito zaidi ni mtihani. Kijana afikapo kidato cha 3 huanza kuyapima masomo kwa mtihani wa taifa wa kidato cha 4, na somo asilotahiniwa huliona ni mchezo. Walimu nao huona hivyo hivyo, na vipindi vya sanaa hugeuzwa kuwa vya marudio ya hisabati. Siwalaumu sana. Ila naona tumekuwa tukilikosea jambo hili kwa muda mrefu, na si sisi wa kwanza. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, alikwisha kuandika mwaka 1937 kitabu kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika na namna ya kuukuza katika skuli. Miongoni mwa waliosoma Makerere ni Sam Ntiro wa Machame, mchoraji wa maisha ya kwao Kilimanjaro. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka skuli na kijiji viwe kitu kimoja. Katika skuli nyingi azma hiyo iliishia kwenye jembe, na ufundi wa mikono ukawa adhabu ya mchana. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981 palipatikana mahali pa kuwapeleka wenye vipaji. Hata hivyo chuo, kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kumrudishia kijana miaka 10 ya darasani ambayo hakushika kitu mkononi.

Kwa hiyo nimeibadilisha fomu, walau ile ninayoitumia mwenyewe. Nimeongeza mstari mmoja: "Mwanafunzi ameona kosa gani bila ya kuoneshwa?" Mstari huo si rahisi kuujaza. Unamtaka mkufunzi akae chini pamoja na watoto badala ya kusimama nyuma ya darasa na saa mkononi, na kwa darasa la watoto 60 hautoshi kipindi kimoja. Wenzangu wawili wameniambia kuwa haupimiki. Nawaelewa, kwani maneno hayo niliyatumia mimi kabla yao.

Alama 4 nilizompa yule mwanachuo ziliingia katika matokeo yake na haziwezi kufutwa. Alihitimu, sasa anafundisha katika skuli nyingine, si mbali na Gando. Mwaka huu nilimfuata, nikamweleza niliyoyaandika hapa. Alinisikiliza kwa adabu, akasema: "Yamepita, mwalimu." Kisha akanitaka radhi kidogo, kwani darasa lilikuwa likimngoja, akanipa ukili aliokuwa ameushika nimwendelezee wakati yeye akienda kuchukua chaki ofisini.

Nilisuka kwa uangalifu wote nilio nao. Aliporudi nilikuwa nimefika kama vidole vitatu. Mtoto mmoja wa darasa la 3 akaupokea mkononi mwangu, akaupitisha baina ya vidole, akaufumua mpaka pale nilipoanzia.