Mji Uko Wapi?

Vita vilipofika Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, tulishika barabara ya taifa namba 2 kuelekea kaskazini, tukapita Lubero, tukaingia Butembo. Mdogo wangu hakuwa amewahi kuona mji mkubwa ila katika picha za simu, na katika picha hizo mji ni majumba marefu yaliyosongamana. Alitazama huku na huku, kisha akaniuliza, "Yaya, mji uko wapi?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba amesimama katikati yake. Ukali ule ulitoka katika aibu, maana mimi nami, mara ya kwanza, niliuliza vivyo hivyo moyoni.

Ndugu vijana, tuutazame huo mstari ambapo paa za nyumba hukutana na anga. Huko Goma mstari huo ni mlima Nyiragongo, wenye mita 3,470. Januari 2002 uji wake wa moto ulipita katikati ya mji, na watu wakajenga tena juu ya mawe yale yale, wengi kwa mbao. Paris nako ni chini, lakini kwa kupenda: mnara wa Montparnasse, wenye mita 210, ulipokamilika mwaka 1973 uliwachukiza wakazi wengi, na mwaka 1977 likawekwa sharti kwamba majengo katika sehemu kubwa ya mji yasizidi mita 37.

Nilitaka kumwambia mdogo wangu kwamba sisi na Paris tu sawa. Ingekuwa uongo. Butembo haikukatazwa kupanda juu. Imejengwa na wafanyabiashara kwa fedha zao wenyewe, duka likileta faida, ukuta unaongezwa. Na kwa miaka mingi umeme wake ulikuwa wa jenereta, kila mwenye nacho na yake. Nani atajenga etaji kumi na kuwapandisha wazee kwa ngazi? Basi mji ukatambaa, ukapanda vilima badala ya hewa, bati baada ya bati, hata mgeni asijue umeanzia wapi.

Ukubwa wake huonekana usiku, taa zinapowaka hapa na pale mitereméoni, au asubuhi, moshi wa majiko unapopanda kutoka kila bonde. Siku ya tatu nilimpeleka kilimani alfajiri ili auone hivyo. Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani anahesabu paa, nikangoja aseme kwamba sasa ameuona mji.

"Kirumba iko upande gani?" akauliza.

Nikamwonyesha kusini. Kulikuwa na milima tu, mmoja nyuma ya mwingine, nasi tulisimama tukiitazama mpaka jua likatoka.